Mkono wa Msusi

Msusi hubeba mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Akiketi kitandani pale wodini huulaza mapajani na kuufunika shuka, akiviacha vidole nje vipate hewa. Tangu kiharusi kimwangushe, mdomo nao umekwenda upande. Yeye aliyekuwa akiwagonga wateja kitana begani wakilia, “Tulia! Ukitaka uzuri sharti udhurike,” sasa hulivuta neno moja kama ndoo ya kisimani. Kila asubuhi mtaalamu wa mazoezi humwambia akunje vidole. Huvikodolea macho kwa ukali, kama wateja waliochelewa. Wapi! Havitikisiki.

Leo binti yake amefumua nywele, akaketi sakafuni katikati ya magoti ya mama yake, kama walivyokuwa wakikaa wateja. “Nisuke, mama. Hata mstari mmoja tu.” Msusi akaunyanyua mkono, akautua utosini mwa binti, akaviamuru vidole. Jasho likamtoka. Vidole vikalala juu ya nywele kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

“Aii, mama, unanivuta!” binti akalalama, kama alivyokuwa akilalama utotoni, kisha akatulia akiisubiri ile methali.

Haikuja. Msusi amesikia vilio vya kila namna chini ya kitana chake, na cha uongo anakijua. Akaurudisha mkono mapajani, akavuta shuka, akaufunika gubigubi, vidole na vyote.