Ukuta Uliokataa Udongo

Mume wangu alijifunza kuchora peke yake. Tulipohama Iringa kwenda Mbeya, miaka ya hamsini, alipata kazi kwa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya pwani, ya kupaka rangi milango ya duka na bodi za malori. Akirudi nyumbani alichora ukuta wetu wa ndani kwa udongo mwekundu, chokaa na masizi. Hakuchora mtu wala mnyama. Ilikuwa mistari, mapande ya rangi, duara lililokatika.

Majirani walimtania. "Baba, ng'ombe yuko wapi hapa?"

"Amekwenda malishoni."

Mimi nami sikuelewa. Niliwahi kumwuliza, akasema ile ni barabara ya Chimala wakati wa vumbi. Nilitazama sana, barabara sikuiona. Ila nilipenda kukaa mbele ya ukuta ule nikichambua mboga.

Kila mwaka kabla ya mvua tulisiriba nyumba upya kwa udongo, michoro ikafunikwa. Hakunung'unika, alifurahi kupata ukuta mtupu. Mwaka wa mwisho kifua kilimbana, hakuweza tena kwenda kuchimba udongo. Tajiri wake akampa mabaki ya rangi ya mafuta, ile ya malori. Akachora kwa hiyo, ameketi kwenye kigoda, akipumzika kila mara.

Alipokufa, wanawake wa ukoo walikuja kumaliza matanga. Kwetu nyumba ya msiba husiribwa, ili aliyebaki aanze upya. Nilimwomba wifi, dada yake mkubwa, ukuta ule uachwe.

"Wifi, utalala unatazama maiti?"

"Si maiti. Ni kazi yake."

"Mbona mwenyewe alikuwa anaifuta kila mwaka?"

Hilo lilikuwa kweli. Nikachukua udongo nikasiriba mwenyewe, maana sikutaka mkono mwingine uifunike.

Udongo ulipokauka ukaanza kubanduka. Haukushika juu ya rangi ya mafuta. Ulianguka pale pale alipopitisha brashi, kwingine kote ukabaki, na mistari yake ikatokeza tena. Wifi alikuja na ndoo ya udongo mwingine. Akasimama mlangoni, akatazama vipande vilivyotapakaa sakafuni, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Huyu alikuwa mbishi tangu utoto."

Nilimwuliza kama tusiribe tena. Akaweka ndoo chini, akaomba ufagio.