Punda wa Wilhelmina na Dawa ya Chupa ya Soda

Kwa miaka ishirini na mitatu Mashimba alisimama kwenye lango la josho la serikali, nje kidogo ya Mkolani, na kazi yake ngumu kuliko zote ilikuwa kusema hapana. Ng'ombe walipita wakaogeshwa, punda walirudishwa. Wenye punda walimtukana, wakamwita kichwa ngumu.

"Kopo la dawa lina picha ya ng'ombe," aliwajibu. "Tumbo la punda si tumbo la ng'ombe. Nenda ukamtoe kupe kwa mkono."

Hakuwa daktari. Aliishia darasa la nne, yaliyobaki akajisomea mwenyewe kwa kibatari, na cheo chake hakikuzidi msaidizi. Lakini enzi hizo watu walikuwa na akili: kila daktari wa mifugo aliyetoka chuoni aliletwa kwanza kwake, miezi sita. Kabla ya sindano, daktari huyo alishika kamba. Alijifunza kumwendea punda kwa upande wa bega, kuweka sikio ubavuni na kusikiliza utumbo, kujua kwamba punda anayeumwa halalamiki, hunyamaza tu, na mjinga hudhani amepumzika. Mvivu hakupata barua ya Mashimba, na bila barua hiyo hakupangiwa kituo.

Likaja soko huria. Mwaka 1993 josho likafungwa, Mashimba akapunguzwa kazini kwa karatasi yenye mistari minne, mmoja wa shukrani. Mabati yaling'olewa mchana kweupe. Yeye alirudi nyumbani na kigoda chake cha langoni na mpira mrefu wa kumpitishia punda dawa puani, ambao hakuna aliyeuulizia.

Asubuhi moja ya mwaka 1996 alifika Wilhelmina, mjane wa jirani aliyeishi kwa kuchotea watu maji. Alikuwa na punda mmoja tu.

"Shikamoo baba. Punda wangu hali chochote. Tangu jana hajatoa hata kinyesi."

"Marahaba. Umempa nini?"

"Sijampa kitu. Nimemwogesha tu dawa ya kupe." Akatoa kwenye kanga chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. "Kanipimia yule daktari binti, kwenye duka la dawa za mifugo la Dokta Nathaniel."

Mashimba alinusa chupa, akaitambua: dawa ya josho, ya ng'ombe. Nathaniel! Alimfundisha yeye, miezi sita, pale pale langoni. Alimwambia Wilhelmina akamwoshe punda kwa sabuni na maji mengi, asimwache alale, kisha akaenda dukani na ile chupa, akitembea kama kijana.

Nyuma ya meza alimkuta yule daktari binti, Modesta, amevaa koti jeupe. Vijana wa chuo walikuwa hawaajiriwi tena. Walijitafutia wenyewe pa kufanyia mafunzo ya vitendo, na Modesta alibakiza wiki tatu apate barua ya Nathaniel, ndipo aweze kusajiliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umewahi kumshika punda?"

"Chuoni tulichorewa ubaoni."

"Na hapa?"

"Hapa nauza, mzee."

Nathaniel alitokea stoo akicheka. "Mzee Mashimba! Lango limekufa, bado unalinda?"

"Leta kopo la dawa hii. Punda wa Wilhelmina ameogeshwa nayo, hali wala hatoi kinyesi."

"Mzee, nina wateja."

Modesta alilitoa mwenyewe chini ya meza. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama chawa. Alisoma kimoyomoyo, halafu akatafsiri kwa sauti: "Isitumike kwa farasi wala punda." Akamgeukia bosi wake. "Mbona hukuniambia?"

"Mteja ana macho, asome."

"Asome nini?" Mashimba alifoka. "Umemwuzia kwenye chupa ya soda! Maandishi umebaki nayo wewe! Wewe Nathaniel, niliyekufundisha mwenyewe!"

"Mambo ya zamani hayo. Siku hizi kila mtu na biashara yake."

Modesta alivua koti, akachukua chupa mbili za mafuta ya parafini ya hospitali, yale ya kulainisha choo. "Mzee, twende."

"Ukivuka mlango huo, barua usiniulize," alisema Nathaniel.

Alivuka.

Punda alikuwa amesimama uani, kichwa chini. Modesta alimwendea kwa nyuma. Mashimba akamvuta mkono.

"Begani, mwanangu, unataka kung'olewa meno? Haya, weka sikio hapo. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Huo ndio ugonjwa wenyewe."

Alimwelekeza kuupaka mpira mafuta na kuuingiza puani polepole. "Nusa mwisho wake huku nje. Ukisikia pumzi inakwenda na kurudi, uko kwenye mapafu. Ukimimina hapo, umemuua."

Mara mbili Modesta aliuchomoa, jasho likimtiririka. Mara ya tatu alinusa, akakunja uso. "Nyasi zilizochacha."

"Tumbo hilo. Mimina."

Walimtembeza wakipokezana kamba. Saa tisa alasiri punda aliinua mkia. Kilitoka kinyesi kidogo, kigumu, chenye mafuta, na Wilhelmina akapiga kigelegele kama wa harusi. Modesta aliweka tena sikio ubavuni. "Kunanguruma!" alisema, akaanza kulia.

"Barua atakuandikia baba," Wilhelmina alimtuliza.

"Barua yangu!" Mashimba alitema mate. "Zamani ilimpa daktari kituo. Leo nikiandika, watafungia karanga."

Hilo lilimchoma kuliko kupunguzwa kazini. Binti kajua kazi kwa siku moja, na hakuna ofisi itakayomwuliza anajua nini, watauliza muhuri. Na Nathaniel, mwenye muhuri, kesho atafungua duka.

Alifungua kweli. Ng'ambo ya barabara alimkuta Mashimba amekalia kigoda chake cha langoni, na Modesta kando yake na ubao wa boksi ulioandikwa kwa mkaa: DAWA HII INAUA PUNDA. Kila aliyetoka na chupa ya soda aliulizwa, "Una punda?"

"Nitawaitia polisi!" Nathaniel alipayuka mlangoni.

"Waite. Nao nitawauliza kama wana punda."

Watu wakacheka. Mzee mmoja mwenye fimbo ya kuchungia akasimama na chupa yake mkononi. "Mimi ninao wawili. Kwani vipi?"

Mashimba alifumbua mdomo, kisha akaufumba, akamtazama Modesta.

"Hapana, baba," alisema Modesta akinyanyuka. "Punda hapana. Rudisha dawa, nije nikuonyeshe namna ya kuwatoa kupe kwa mkono."