Mume Wangu na Mimbari ya Roma

Admin, nifunikie jina, maana watu wa kanisa letu nao wamo humu na wanasoma. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, Mkongo wa Bukavu, naishi Johannesburg na nashona nguo hapa Kensington. Mume wangu ni mchungaji. Kanisa letu liko ghorofani, juu ya duka la matairi, na kuna wakati nililipenda kuliko nyumba yangu. Leo nasema jambo ambalo mke hatakiwi kulisema: namdharau mume wangu. Simchukii, jamani. Namdharau.

Mdogo wangu, nimwite Deo, ni padri wa Katoliki na anasoma Roma. Makaratasi yetu yalipokaa sawa alinialika nikamtembelee, nikaone makanisa ya kale. Mume wangu alicheka sana. "Unapanda ndege kwenda kuangalia masanamu?" Lakini alipoona safari ni ya kweli, akasema mke wa mchungaji hatembei peke yake. Akaja.

Deo alitutembeza kwa miguu. Kuna kanisa moja dogo, nje ukuta umechakaa kama stoo, ila ndani dari yote imepangwa vijiwe vya rangi: kondoo, mitende, nyota. Deo akatumbukiza sarafu kwenye kisanduku cha ukutani na taa ikawaka juu yetu. Mimi nilizaliwa Mkatoliki, nikaacha nilipoolewa, sikutegemea kuguswa. Nilikaa kwenye benchi nikalia, hata sijui nilikuwa namlilia nani. Mume wangu alikuwa pembeni anapiga miayo. "Waumini wako wapi? Jengo zuri, Mungu hayumo." Muda wa sarafu ulipoisha na taa ikazimika yenyewe, akasema kwa sauti, watu wakageuka, "Eish, kumbe na wao umeme unakatika kama Joburg!"

Kesho yake tukaingia kanisa kubwa lenye dhahabu kila kona. Hapo ndipo alipoamka. Kulikuwa na mimbari ya marumaru, ngazi zake zimezibwa kwa kamba. Akafungua begi, akatoa joho la zambarau nililomshonea Pasaka, akalivaa. Sikujua hata kama alilibeba. Deo akamwambia kwa upole, "Shemeji, pale hatupandi." Yeye akamkabidhi mtalii mmoja simu, akaruka kamba, akapanda, akainua mikono na kufungua mdomo kama anayeunguruma. Mlinzi alikuja mbio, akamvuta mpaka mkono wa joho ukararuka. Deo alibaki akiomba radhi kwa lugha yao, kichwa chini, mbele ya umati. Na mume wangu? Alikuwa anatazama simu. "Picha imetoka vizuri," akaniambia.

Tuliporudi, picha ile ikawa bango kwenye mlango wa kanisa letu. Jumapili akasimama akasema alialikwa kuhubiri Roma, wazungu walilia mpaka sakafu ikalowa. Ukumbi ukalipuka. Kwa vile makofi hayamtoshi, akaongeza, "Hata shemeji yangu padri alipiga magoti, ameokoka, upadri ameutupa!" Mimi nimekaa kiti cha mbele. Video ya ibada hiyo ilifika Bukavu kabla sijapika chakula cha jioni. Mama yangu akanipigia analia, "Mwanangu, Deo amemkosea nini Mungu?" Wakubwa wa Deo kanisani nao wakamwita ajieleze.

Nilimwambia mume wangu asahihishe. Alikuwa anakula sombe, kisamvu chetu cha Kongo. "Mama Neema, hiyo ni lugha ya imani. Ataokoka tu, mimi nimetangulia kusema."

"Na kuhubiri je?"

"Kwani kwenye picha mdomo wangu umefungwa?"

Nilimtazama, jani la sombe limemganda mdomoni, nikasikia kitu ndani yangu kimepoa na hakijapata moto tena.

Halafu akaniomba mimi nitoe ushuhuda, kwa sababu mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameanza kuuliza maswali. Nikakubali. Jumapili nikashika kipaza sauti nikasema yote: hakualikwa, aliruka kamba, mlinzi alimtoa, mdogo wangu ni padri mpaka leo. Mume wangu jasho linamtiririka. Jamani, nilifurahi.

Mara kiongozi wa kwaya akaruka juu: "Hata Bwana Yesu walimtoa nje ya mji!" Ngoma zikapigwa. Mume wangu akaninyang'anya kipaza sauti. "Mke wangu amefichua niliyoyaficha kwa unyenyekevu! Walinirarua kwa ajili ya Injili!" Watu wakapanga foleni kugusa ule mkono wa joho ulioraruka, maana siku hiyo alilivaa. Wanawake niliowashonea magauni ya harusi wananikumbatia, wananishukuru kwa ushuhuda mzito! Siku hizi hadithi imekua tena, eti Deo ndiye aliyemwita mlinzi.

Wakubwa wa Deo walimwelewa. Ila Mama anasema hawezi kukanyaga sokoni, kila mtu anamuuliza habari za mwanawe aliyeacha upadri. Anataka nitoke kwenye nyumba hii. Kula sitakosa, nina cherehani yangu. Kinachonishika ni binti yetu, ambaye humu nimemwita Neema. Anampenda baba yake, na juzi aliniuliza, kwa hicho Kiingereza chao cha hapa, kwa nini nilimwaibisha baba mbele ya watu.

Nikiondoka, watasema shetani amembeba mama mchungaji, na yeye atapata mahubiri ya mwaka mzima. Nikibaki, kila Jumapili nitakaa kiti cha mbele nikimwitikia "amina" mtu ambaye nashindwa hata kumtazama akila. Nishaurini, nifanye nini? Wale wa kuniambia nimwombee, nawaomba mpite tu.