Kijiji Kilichoungua Kwenye Simu

Jumatatu nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Mweiga, nikingoja kuitwa huku mgongo ukinilalamikia. Kando yangu walikaa askari kijana na mkewe mwalimu, mjamzito, wakibishana kuhusu mchezo wa simu wanaoucheza pamoja, wa wafalme na mazimwi.

"Uliacha kijiji yetu ichomwe," mke alisema.

"Sheria ya gemu ni hiyo," mume akajibu. "Mwenye pete ya mfalme hawezi toka kwa mji. Akitoka, anaipoteza."

"Si ungeipoteza?"

"Na watu wa mji je? Ati niwaachie zimwi?"

"Mimi nilikuwa kwa hiyo kijiji."

Mume akacheka kidogo, akamshika mkono. "Ni gemu tu, mama. Utaanza tena."

Mke akautoa mkono wake polepole, akauweka juu ya tumbo.

"Na hii transfer yako ya kwenda Turkana? Hiyo pia ni sheria?"

Mume akazima simu. Akaitia mfukoni.

"Kesho nitaongea na mkubwa. Nitamwomba ningoje mpaka uzae."

"Na akikataa?"

"Sijui."

Muuguzi akamwita mke. Mume akabeba mkoba wa mkewe, wakaingia wote wawili.

Nimechoka kuwasikiliza watu wazima wanaojificha nyuma ya sheria, maofisini na hata majumbani. Huyu alikuwa na amri ya serikali ya kujifichia, lakini akakiri kwamba hajui. Siku hizi, hilo linanitosha.