Taa Nne za Kanisa la Mantapala

Papa Ilunga si mtu wa kuomba msaada. Aliponipigia simu huku Mansa ninakoishi, nilijua maji yamemfika shingoni. Ndiye aliyenifundisha kuwasha taa za jukwaa kule Lubumbashi, ng'ambo ya mpaka, enzi za swichi za kuwasha na kuzima tu. Sasa kanisa lake, katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, lilikuwa limepata taa nne za kubadilisha rangi na meza ya kidijitali ya kuziendesha. Zilimkaidi. Zisipotulia kufikia Jumapili, mchungaji angempa mwingine kazi hiyo, na tangu akimbie vita kwao, hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya ufundi.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi, kichwa kimevimba kidogo, sifichi: mwanafunzi anakwenda kumwokoa mwalimu! Kufika Nchelenge nilipata gari la mizigo, nikakaa juu ya magunia ya mihogo.

Alasiri, Mantapala. Kanisani, kwenye ile meza, Papa Ilunga alipandisha bluu ya taa ya kwanza tu. Ya pili ikawaka kijani, ya tatu nyekundu.

"Unaona, mutoto wangu? Inanishinda."

Nilitazama namba alizozipa taa: moja, mbili, tatu, nne. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Huku kila nyumba iko na namba yake, zinafuatana. Nilifanya vile vile."

Nikaona aibu. Nilimweleza kwamba taa moja hula namba saba: za rangi, za mng'ao, za kupepesa; ndiyo maana zake zilikuwa zinaingiliana. Akatoa kadi yake ya posho, ile ya mgao wa chakula.

"Njo hii, ni sawa na hii kadi! Nyumba ni moja, lakini ndani tuko batu saba, kila mutu na namba yake."

Akabadilisha mwenyewe namba za kuanzia: ya pili nane, ya tatu kumi na tano, ya nne ishirini na mbili. Zikatii.

Jumapili asubuhi mchungaji alinionyesha kiti cha kwenye meza ya taa. "Fundi wa Mansa, ikala pale."

Papa Ilunga alisogea pembeni, mikono nyuma. Nilikitaka kile kiti, mikono ikiniwasha.

"Pasta," nilisema, "fundi wenu ni Papa Ilunga. Mimi nilikuja kumwonyesha namba tu."

Papa Ilunga akakaa. Mimi ningemwaga rangi zote. Yeye alitumia njano moja, taratibu, mpaka nyuso za akina mama wa kwaya zikaonekana katika lile kanisa lenye kiza. Nilijifunza tena kwake, nikiwa benchi la nyuma.

Jumatatu alinisindikiza barabarani.

"Aksanti kwa ile kiti," alisema.

Nikapanda gari, sikuthubutu kumwambia jinsi nilivyokitaka.