Kituo cha Jogoo

Mtaani kwetu Mahajanga mtu alielekezwa njia kwa kutajiwa baa. Sisi Wangazija, Waislamu wageni katika nchi ya Wamalagasi, hatukuingia humo, na baba alipopita aligeuza uso mpaka aipite. Lakini ndani ya basi alimwambia kondakta bila haya: "Jogoo." Juu ya mlango wa baa palichorwa jogoo mwekundu, na nyumba yetu ilikuwa nyuma yake.

Mwishoni mwa miaka ya sabini watu wetu walipouawa mjini, mama alitukimbiza kwa nduguze, kisiwani Nosy Be. Baba akabaki kulinda nyumba. "Mkirudi, shukeni Jogoo," alisema, kana kwamba tunakwenda sokoni. Barua zake zilikuja, kisha zikakoma. Mama akasema tungoje atuite. Nikaolewa, nikazaa, bado nangoja. Wahenga walisema kawia ufike. Mimi nilikawia tu.

Mama alipofariki nilivuka bahari hadi Ankify, nikapanda gari la Mahajanga kumtafuta baba, akiwa mzima au kaburini. Ndani ya basi la mjini nikasema, "Jogoo." Kondakta hakukijua kituo hicho. Kuuliza baa, nami nimejitanda shungi langu, niliona aibu. Nikakaa nikitafuta jogoo dirishani mpaka nikafikishwa Belobaka, nje ya mji. Mtu mzima na akili zangu! Wakati wa kurudi nikauliza kwa sauti, basi zima likasikia, na abiria mmoja akanionyesha pa kushuka.

Penye baa sasa palikuwa na duka la vipuri. Mlangoni alikaa bibi mmoja wa Kimalagasi, aliyekuwa mwenye baa. Nilipotaja nyumba ya nyuma akanishika mkono.

"Baba yako tulimzika miaka mitatu sasa," alisema. "Kila mvua zikiisha alikuja na ngazi na rangi yake, akampaka jogoo wangu upya. Hata baa ilipofungwa, hakuacha. Ndani hakuingia hata siku moja. Soda nilimpa barazani, akainywa amenipa mgongo. Alisema wanawe hawajui kituo kingine."

Nikatazama juu ya mlango. Chokaa ilikuwa imepita kote, ila mkia ulionekana kidogo.

Sikusikia kitu moyoni. Nilijua kwamba nilipaswa kulia, na kwamba nilipaswa kuuliza kaburi liko wapi. Badala yake nikauliza basi la kurudi nilisubirie wapi.

"Hapo hapo uliposimama," akasema.