Mwaka Tuliotua Sepetu

Siku ya kwanza niliyoingia stesheni ya umeme nilipewa sepetu, nikaonyeshwa mlango wa tanuri, nikaambiwa, "Lisha." Basi. Hakuna aliyeniuliza cheti, na lau angeniuliza ningemwonyesha viganja. Skuli niliiacha darasa la nne. Lakini kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nikirusha makaa ya mawe mpaka ukuta wa nyuma wa tanuri, yakitandazika sawasawa kama mkeka. Fundi Mkuu wa wakati huo, mzee mmoja aliyekuwa mchoyo wa sifa, alisimama nyuma yangu akanitazama, kisha akasema, "Huyu wa Kuze ana mkono," maana Kuze ndio mtaa wetu. Hilo ndilo neno jema pekee alilowahi kumwambia mtu, na niliambiwa mimi.

Nieleze stesheni yenyewe, maana vijana wa leo mwadhani umeme huzaliwa ukutani. Ilikuwa ndogo, ya manispaa, hapa hapa kisiwani, ikilisha taa za barabara, soko na kiwanda cha barafu. Makaa yalishushwa bandarini yakaletwa kwa lori. Tukiyachoma tanurini, maji yachemka ndani ya boila, yawa mvuke, mvuke wazungusha mashine, na mashine yatoa umeme. Nguvu ya mvuke yaonekana kwenye geji, nayo ina mshale na alama nyekundu. Mshale ukikaa kwenye alama, mji una raha. Ukishuka, taa zafifia na simu ya Meneja yaanza kulia.

Moto wa makaa una adabu zake. Kazi ikipungua huuzimi, waulaza: wausukuma nyuma, waufunika kwa jivu na makaa mabichi, nao wabaki ukipumua chini kwa chini. Na ukikufia mbele ya macho yako, usibabaike. Matofali ya tanuri yangali mekundu. Tupa makaa mapya upesi, fungua hewa, utashika wenyewe. Upesi ndiyo kazi yenyewe. Hivyo ndivyo nilivyowafunza wote waliopita mkononi mwangu, kwani baada ya miaka nilifanywa nyapara wa wachochezi, walisha tanuri, na hapakuwa na nyapara mwenye zamu kama yangu. Nasema bila haya.

Tulikuwa na ada yetu. Zamu inayotoka ikikabidhi mshale uko chini ya alama, zamu inayoingia hugonga sepetu kwenye sakafu ya chuma, wote pamoja, mpaka wale wanaotoka wapite getini na aibu yao. Ukipigiwa sepetu saa nane, kabla ya magharibi mtaa mzima wa Makupa wajua. Zamu yangu haikuwahi kupigiwa.

Mtu wangu wa mkono wa kulia alikuwa Karisa, Mgiriama wa Kaloleni, mrefu, kazini kimya, lakini tukikaa kupumzika mdomo wake hauna breki.

"Wewe Mswahili," huniambia, "mkono wako uliumbiwa kikombe cha kahawa. Nani alikudanganya ukashika sepetu?"

"Na wewe uliliona bomba letu la moshi ukadhani ni mnazi," humjibu. "Ulikuja kuupanda uugeme. Sema kweli."

"Nimeugema miaka yote hii, yakhe, na tembo sijaiona."

Mwanzoni mwa miaka ya tisini akaja Meneja mpya. Akasema makaa basi, yachafua mji na yachelewa bandarini; sasa tutachoma gesi, itakayoletwa na malori ya tangi kutoka nje ya kisiwa, ng'ambo ya Makupa. Boila zikabaki zile zile. Ndani ya matanuri wakang'oa vyuma vya kukalia makaa, wakatia midomo ya gesi. Kisha akaniita ofisini kwake.

"Athmani, wachochezi kazi yao imekwisha. Gesi haina sepetu."

"Bwana Meneja, watu hawa waujua moto."

"Waujua moto wa makaa."

"Nipe zamu zetu zote mpaka Idi," nikamwambia. "Waendeshe gesi wao. Isipotokea kasoro, wote wabaki kazini. Ikitokea, nitawatoa getini mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Akamtazama Injinia wa Gesi, kijana mpole wa bara aliyekuwa amekaa pembeni. Injinia akasema, "Wajaribu, bwana. Huyu mzee anasikiliza." Meneja akakubali. Nilitoka ofisini kifua mbele. Nani mwengine, bila cheti, angeingia pale akatoka na kazi za watu wa zamu zote?

Injinia alitufunza vizuri, sina la kumlaumu. Alisema gesi haionekani. Moto ukizimika, gesi yaendelea kutoka na kulijaza tanuri, na hapo ukitia moto, tanuri lapasuka. Kwa hivyo funga koki. Washa feni, upepo uingie, ufukuze gesi yote nje. Ngoja mpaka taa ya kijani iwake. Ndipo ufungue koki na kuwasha tena. Tuliyakariri kama watoto wa chuo cha Kurani, na aliyeyashika kushinda wote ni Karisa.

"Kwa hivyo nangoja tu?" akauliza.

"Unangoja tu."

"Na mshale je?"

"Mshale utashuka. Uache ushuke."

Karisa akanigeukia akanitazama. Katika miaka yetu yote hakuna mtu aliyewahi kutwambia tuuache mshale ushuke.

Ramadhani ikaingia, ikaenda vizuri. Karisa ni Mkristo, lakini mwezi ule sikumwona hata siku moja akinywa maji mbele yetu. Meneja akaanza kuniitikia salamu kwa uchangamfu. Idi ikakaribia, wenye watoto wakawa wanazungumza nguo. Tulikuwa tumeshafika, ndugu zangu. Tulikuwa tumeshafika.

Alasiri moja, zamu zikibadilishana, moto wa boila ya pili ukazimika. Mambo kama hayo hutokea, ndiyo sababu tukafunzwa. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikitazama maji ya boila. Nikamwona Karisa akafunga koki. Akawasha feni. Akasimama kungoja, na mshale ukaanza kushuka.

Zamu inayoingia walikuwa mlangoni. Sepetu za zamani zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zapata kutu. Mmoja akaiona geji akapiga ukelele, "Loo! Karisa! Leo mwapigiwa! Zamu ya Athmani leo yapigiwa!" Wakazikamata zile sepetu, wakacheka, wakaanza kugonga sakafu. Hawakuwa na ubaya. Ilikuwa furaha ya watu wanaoiona Idi.

"Karisa, ngoja!" nikampigia kelele. "Ngoja, Karisa!" Mlio wa chuma ulikuwa mkubwa. Macho yake yalikuwa kwenye mshale, mshale uko chini kabisa, na nyuma ya kidirisha cha tanuri matofali yangali mekundu. Taa ya kijani ilikuwa haijawaka. Nikauona mkono wake ukienda kwenye koki. Aliifungua upesi, kama afanyavyo mchochezi hodari.

Mlango wa tanuri ulitoka mahali pake.

Karisa aliishi hospitali mpaka Idi ikapita. Uso ulikuwa umefungwa wote, akanijua kwa sauti.

"Athmani. Mshale ulipanda?"

"Ulipanda, ndugu yangu."

Tulimzika kwao Kaloleni. Jeneza lilibebwa na wale wale waliogonga sepetu, na hakuna aliyeinua uso.

Meneja hakunikaripia. Alisema, "Athmani, kasoro imetokea," nami nikasema, "Nimekuja kuwatoa." Nilisimama getini, nikawapa mkono mmoja mmoja. Nilipotaka kuwafuata, Meneja akaniita. "Wewe baki. Injinia amekuombea." Nikabaki. Nilikuwa na watoto, na nyumba yangu, mtaani Tononoka, ilikuwa haijaezekwa. Nikaijua gesi barabara. Injinia mwenyewe alinikabidhi boila zote mbili akaenda zake likizo bila wasiwasi. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti na kutazama taa ya kijani. Nilikaa kwenye kiti hicho mpaka miaka ya tisini ikaisha, na wa kunitania hakuwako.

Siku ya kuniaga kulikuwa na sambusa na soda. Meneja alisimama akasema Athmani ndiye mchochezi pekee aliyetoka kwenye makaa akaingia kwenye gesi. Wakapiga makofi. Alisema kweli, nimefika waliposhindwa kufika wengine, tena bila skuli, na nyumba nimeiezeka. Vijana huja nyumbani kuniomba niwafunze kazi. Niwafunze nini? Yale niliyoyajua kwa miaka mingi, leo ukiyafanya yaua mtu.

Ijumaa mimi huenda Kuze kuswali. Watu wa zamu yangu wako huko, mmoja hupakia malori Makupa, mwengine kifua kimemharibika hafanyi kitu. Tukikutana twapeana mikono. Twaulizana hali, twaulizana nyumbani, watoto, wazee, na wale waliotangulia twawaombea rehema. Salamu hizo ni ndefu, na kila mmoja huzirefusha kadiri awezavyo. Kisha zaisha. Wao wabaki, nami nashika njia.